Mbili Mara Tatu

Nilipokuwa darasa la tatu nilikuwa hodari wa tebo. Mwalimu akisema "saba mara nane," mkono wangu uko juu kabla hajafunga mdomo. Kwa hiyo siku bibi aliporudi kutoka hospitali na kipakiti cha dawa, akanipa nimsomee kwa kuwa yeye hakujaliwa kukaa darasani, sikusita hata kidogo. Juu ya kipakiti paliandikwa kwa kalamu ya bluu: 2 × 3.

"Sita, bibi," nikasema.

Kijiji chetu kiko juu ya Soni, pale ambapo barabara ya kutoka Mombo inazidi kujipinda kuelekea Lushoto na kondakta huwaambia abiria wageni wasichungulie nje. Kuteremka hadi hospitali ni mwendo wa saa moja na nusu. Kupanda na homa mwilini, usihesabu saa, hesabu mawe ya kupumzikia. Bibi alikuwa amepumzika juu ya mawe yote siku ile. Aliketi kwenye kigoda, akamimina vidonge sita kiganjani, akavitazama kama mtu asiyeiamini chenji aliyorudishiwa.

"Sita kwa mkupuo?"

"Mbili mara tatu ni sita, bibi. Muulize hata mwalimu."

"Mwalimu anajua naumwa nini?"

Akavirudisha vidonge kwenye kipakiti kimoja kimoja. Usiku ule hakunywa dawa. Asubuhi, umande haujakauka, akajifunga khanga, akanishika mkono, tukateremka tena.

Dirisha la dawa lilikuwa na foleni ndefu. Zamu yake ilipofika alisukuma kipakiti mbele na kusema, "Mwanangu, mjukuu wangu anasema hivi ni sita kwa mara moja. Moyo wangu umekataa. Wewe unasemaje?"

Mtoa dawa alicheka kwanza. Kisha akanyamaza. Alikitazama kipakiti, akanitazama mimi, akaitazama foleni iliyokuwa nyuma yetu, kila mtu akingoja kipakiti chake chenye tarakimu mbili na alama ya kuzidisha katikati. Siku hizi nikikumbuka uso wake nadhani alikuwa anajiuliza ni bibi wangapi wana wajukuu hodari wa tebo. Akachukua kalamu, akachora jua linalochomoza nyuma ya mlima, jua la utosini, na mwezi. Chini ya kila mchoro akaweka viduara viwili.

"Viwili asubuhi, viwili mchana, viwili usiku. Kutwa mara tatu. Haya mama, sasa nieleze wewe."

Bibi akaeleza. Kisha mtoa dawa akanigeukia. "Na wewe bwana hesabu?" Nikaeleza, nikiangalia vidole vya miguu yangu.

Wanangu, msimcheke sana yule mtoto. Kosa lilikuwa ndani ya neno lenyewe: "mara" ya darasani huzidisha, "mara" ya hospitalini huhesabu nyakati. Mwandishi wa kipakiti alijua anachomaanisha, msomaji naye alijua anachosoma, na kati yao mzee mmoja nusura ameze dawa ya kutwa nzima kwa funda moja la maji. Kilichomwokoa ni kwamba aliuliza, na kwamba yule bwana wa dirishani alimtaka arudie kwa mdomo wake. Leo wauguzi na madaktari wanafundishwa jambo lile lile darasani: usimuulize mgonjwa "umeelewa?" kwa sababu kila mtu hujibu "ndiyo," aliyeelewa na ambaye hakuelewa. Mwambie akueleze.

Nimekaa miaka mingi nikijiuliza bibi aliutoa wapi ujasiri ule. Wazee wengi wa rika lake wakifika mbele ya koti jeupe husema "shikamoo daktari" na baada ya hapo ni "ndiyo, ndiyo" mpaka mlangoni. Jibu nililipata nilipokua, katika vitabu vya mgeni.

Mwanahistoria Mmarekani Steven Feierman alikuja huku kwetu, milima ya Usambara, miaka ya 1960, akajifunza Kishambaa, akakaa na wazee. Wengi wanamjua kwa alichoandika kuhusu wafalme wa Washambaa waliokaa Vugha, na kuhusu lile neno la wazee wetu, kuzifya shi, yaani kuiponya nchi: mfalme mwenye nguvu mvua ikimtii, njaa ikimkimbia, alisemwa anaiponya nchi. Lakini alirudi tena miaka ya baadaye akachunguza jambo ambalo sisi wenyewe tuliliona la kawaida mno hata halistahili kuandikwa: mtu akiugua kijijini, ni nani anayeamua apelekwe wapi?

Aliona kwamba mara nyingi si mgonjwa na si mganga. Ni ndugu. Baba anasema lake, mjomba upande wa mama anasema lake, shangazi anakumbusha kwamba mwaka juzi mtoto wa fulani aliumwa vivyo hivyo. Wanakaa, wanabishana, wanaamua: twende kwa mtu wa mitishamba, twende zahanati, tukodi watu wa kubeba machela hadi hospitali ya Bumbuli. Dawa isipofaa wanakaa tena. Msomi mwingine, John Janzen, aliona hayo hayo kwa Wakongo, akayaandika katika kitabu cha mwaka 1978. Akawaita ndugu hao kikundi cha kusimamia tiba. Mimi ningesema tu kwamba mgonjwa wa kwetu alikuwa na baraza lake la mawaziri.

Sasa mnaona. Bibi hakuwa jasiri kuliko wengine. Alikuwa amekaa katika vikao hivyo maisha yake yote, akaona ni kawaida kuiuliza dawa maswali kabla haijaingia tumboni. Hata mganga wa mitishamba alihojiwa. Na kama mmeona, Kiswahili chetu hakikutofautisha: yule wa mitishamba ni mganga, na daktari mkubwa wa wilaya, mwenye gari na mhuri, cheo chake ni Mganga Mkuu wa Wilaya. Bibi aliona kama jina ni moja, basi na heshima ya kuulizwa ni moja.

Hospitali zilipokuja, za misheni na za serikali, zilikuja na geti. Kengele ikilia, ndugu nje. Sitaki mdhani geti ni ubaya mtupu: wodi inataka utulivu, watu wengi huleta vijidudu vingi, na daktari akipita kitanda kwa kitanda hawezi kufanya kazi katikati ya vikapu. Lakini ndugu akitolewa nje hutoka na kitu ambacho hakimo kwenye faili.

Fikirieni mzee wa kisukari aliyelazwa. Kila asubuhi sukari inapimwa, kila asubuhi iko juu, dawa inaongezwa. Hakuna aliyemwambia binti yake, yule anayekuja saa za kuona wagonjwa na hotipoti, kwamba chai asiweke sukari. Na binti anaweka sukari nyingi kuliko ya nyumbani, kwa sababu baba ni mgonjwa na mgonjwa hupendelewa. Daktari anahangaika na dawa, binti anahangaika na upendo, na wote wanamrudisha mzee nyuma. Dakika mbili za mazungumzo kando ya kitanda zingewafaa kuliko sindano kumi.

Au mitishamba. Huku milimani miti ya dawa ni mingi, na wengi huipitia kabla ya kufika hospitali. Akiulizwa kwa ukali, "Umekunywa madawa ya kienyeji?" mgonjwa atasema hapana, na ndugu watatazama dari. Nesi mwenye busara huuliza hivi: "Nyumbani mlimsaidiaje kabla hamjaja?" Hapo chupa itatoka kwenye kikapu. Ni lazima itoke, maana dawa mbili zisizojuana zinaweza kugombana mwilini.

Lakini kama mnataka kujua jinsi macho ya nyumbani yanavyoweza kushinda vyombo vya hospitali, niwapeleke kwenye tauni.

Aprili 1980 ugonjwa huo ulizuka katika wilaya ya Lushoto. Ndiyo, tauni ile ile ya vitabu vya historia, iliyoua watu wasiohesabika Ulaya ya kale. Ilikaa kwetu zaidi ya miaka 20, ikija na kuondoka, ikirudi katika vijiji vile vile, pande za Shume, Lukozi na Rangwi. Watu zaidi ya 7,000 waliugua. Akina mama na watoto ndio walioangukiwa zaidi. Bakteria wa tauni huishi katika panya na husafiri na viroboto. Panya akifa, kiroboto hutafuta mwenyeji mwingine, na mwenyeji aliye karibu ni yule aliyelala chini, jirani na mahindi.

Dawa ya tauni ipo. Streptomisini inaiua, tetrasaiklini inaiua, na wala si dawa za ajabu. Tatizo ni muda. Ukicheleweshwa siku chache tu, dawa hukuta nyumba imeungua. Sasa niambieni: ni daktari yupi anayeweza kuwa ndani ya nyumba usiku ambao homa inaanza? Anayeuona mtoki, lile tezi linalovimba kwenye kinena au kwapani na kuuma kwa kuguswa, ni mama anayemwogesha mtoto. Anayewaona panya waliokufa ovyo darini bila kutegwa ni mtoto aliyetumwa kuchukua mahindi. Mama akijua maana ya mtoki, na mtoto akijua kwamba panya wale si wa kuchezea wala kutupa kimya kimya bali ni habari ya kupeleka kwa mkubwa, hospitali imeanza kazi kabla mgonjwa hajapanda machela.

Mambo haya si ya milimani kwetu tu. Mwaka 1971 kulikuwa na vita katika nchi inayoitwa leo Bangladesh. Wakimbizi walimiminika India, na kipindupindu kikawaingia. Katika mji wa mpakani wa Bongaon, daktari aitwaye Dilip Mahalanabis alijikuta na wagonjwa wamelala hadi sakafuni, na maji ya kutundika yanamwishia. Alifanya jambo ambalo wenzake wengi hawakuliamini. Akachanganya chumvi na glukosi katika maji safi kwenye mapipa, akawapa ndugu wa wagonjwa vikombe: mnywesheni, msiache. Mama, kaka, jirani, kila mmoja akawa muuguzi wa wake. Kabla ya hapo karibu watu 30 katika kila 100 walikuwa wanakufa. Kwa wale walionyweshwa na ndugu zao walikufa chini ya wanne. Pakiti ya ORS mnayoiona leo zahanati, ile mama anayoikoroga nyumbani mtoto akiharisha, imepita katika mikono ile ya Bongaon.

Na kuna hadithi ya karibu zaidi, ya Muhimbili, Dar es Salaam. Zamani mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, mdogo kama paka, aliondolewa kwa mama na kuwekwa kwenye mashine ya joto mpaka atulie. Madaktari wa Bogotá, Colombia, walikuwa wameonyesha tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 kwamba kifua cha mama kinaweza kuwa mashine hiyo: mtoto anafungwa ngozi kwa ngozi, kama mtoto wa kangaruu. Lakini swali lilibaki: je, afungwe mara tu anapozaliwa, hata kabla hajatulia? Hospitali tano, Muhimbili ikiwamo, katika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, zilijaribu kwa watoto zaidi ya 3,000, matokeo yakatoka mwaka 2021. Katika kila watoto 100 waliosubirishwa, karibu 16 walikufa ndani ya siku 28. Katika kila 100 waliopewa kifua mara moja, walikufa 12. Ili hilo liwezekane, ilibidi kitanda cha mama kiingizwe ndani ya chumba cha watoto mahututi, mahali ambapo zamani mama alichungulia kwa dirisha. Na mama akichoka au akiwa bado yuko chumba cha upasuaji, ndugu aliyechaguliwa alikifungua kifua chake. Shangazi akawa mashine ya hospitali!

Hadithi moja inayofuata ni nzito, nami nitaisema kwa ufupi kwa sababu inamhusu mtoto wa rika la baadhi yenu. Mwaka 2021 msichana Mwingereza, Martha Mills, alianguka na baiskeli akiwa likizoni na kuumia ndani ya tumbo. Alilazwa London, katika hospitali kubwa yenye wataalamu. Maambukizi yakaingia katika damu. Wazazi wake waliona mwana wao anabadilika, wakasema, wakatulizwa. Alifariki siku chache kabla ya kutimiza miaka 14, na uchunguzi wa mwaka uliofuata ukasema huenda angeishi kama angepelekwa mapema chumba cha wagonjwa mahututi. Mama yake, Merope Mills, hakunyamaza. Tangu mwaka 2024 hospitali za Uingereza zimeanza kutumia utaratibu unaoitwa kwa jina la Martha: mgonjwa au ndugu akiona hali inabadilika na hasikilizwi, ana haki ya kuita timu nyingine ya madaktari ije imtazame, saa yoyote ya usiku na mchana. Hospitali yenye kila mashine ilikuja kujifunza kile ambacho bibi alikifanya na kipakiti mkononi.

Hapa niseme jambo linaloniudhi kidogo. Kuna watu wanaosikia "kushirikisha ndugu" wakaelewa kwamba ndugu afanye kazi ya hospitali. Afue mashuka, alale chini ya kitanda juu ya khanga, akimbie mjini kununua glavu, na usiku amwamshe nesi wa zamu ambaye peke yake ana wodi mbili. Huko ni kumtwisha mzigo. Mshirika ni yule anayeambiwa mgonjwa wake anaumwa nini na kuulizwa ameona nini. Kama anabeba ndoo tu bila kuambiwa kitu, yeye ni kibarua asiyelipwa.

Na upande wetu, wa ndugu, nao una lawama. Lile baraza la mawaziri halikuwa zuri siku zote. Feierman aliona pia ugomvi wa nani ana amri. Na mara nyingine mgonjwa mwenyewe, hasa akiwa mwanamke au mtoto, ndiye aliyekuwa wa mwisho kuulizwa. Nimeona kwa macho yangu daktari akimuuliza msichana, "Unaumwa wapi?" na mjomba akajibu. Akamuuliza tena, "Ulianza lini?" na mjomba akajibu. Daktari yule, Mungu ambariki, akasema kwa upole, "Mzee, naomba unipishe kidogo nje na binti." Mgonjwa ana mdomo wake, na ana siri zake pia. Ndugu ni macho ya ziada na masikio ya ziada; mdomo ni wa mwenyewe mpaka ashindwe.

Mtauliza: na sisi watoto tufanye nini, hatuna ujomba wala ushangazi? Ninyi ndio wasomaji wa nyumba nyingi. Bibi akirudi na dawa, kipakiti kitakuja mkononi mwako, kama kilivyokuja kwangu. Soma kilichoandikwa, kisha sema na usilolijua. Andika kwenye daftari kuukuu: leo amekula nini, ametapika mara ngapi, dawa ya mchana alikunywa au alilala ikampita. Daktari akiuliza, watu wazima husema "anaendelea vizuri kidogo." Daftari lako litasema zaidi.

Na ukitaka kuuliza, hakuna adabu inayovunjika. Anza na shikamoo, kama ulivyolelewa, kisha sema: "Samahani daktari, naomba kufahamishwa, dawa hii ni ya nini? Tukiona nini turudi haraka?" Ukiona mhudumu anakuja kumgusa mgonjwa wako moja kwa moja kutoka kitanda kingine, unaweza kumsogezea maji na sabuni na kutabasamu, ataelewa. Kwenye kijiji, zahanati ina kamati ambayo wanakijiji wamo. Waulize wazazi ni nani wa kwenu yumo. Mara nyingi ni jirani ambaye hujui kabisa kuwa ana kazi hiyo. Hata dunia imelitengea jambo hili siku, 17 Septemba, Siku ya Usalama wa Mgonjwa, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliitumia kuzungumzia sauti ya wagonjwa na familia zao.

Bibi aliishi miaka mingi baada ya vile vidonge. Mara ya mwisho kulazwa kwake nilikuwa mtu mzima, nikawa mimi ninayemuuguza. Nesi wa zamu ya usiku alikuwa msichana mdogo. Aliponikuta kando ya kitanda alisema, "Kaka, leo umemwonaje?" Nikamwambia kwamba mguu wa kushoto umevimba kuliko jana. Akainama, akaubonyeza, akaandika.

Kisha akatoa vidonge. Bibi alikifungua kiganja chake, akavisogeza karibu na taa.

"Mwanangu, vya jana vilikuwa vyeupe. Hivi ni vya manjano."

Nesi akatazama, akasema, "Subiri bibi, ngoja nihakikishe." Tukamsikia akienda hadi mwisho wa korido, kabati likafunguliwa, likafungwa. Akarudi na boksi lenyewe, akalishika mbele yetu. Dawa ilikuwa ile ile, kiwanda ndicho kilichobadilika. Alinionyesha jina ili nimsomee bibi.

Nikamsomea, herufi kwa herufi, na safari hii sikuzidisha kitu.

"Haya," bibi akasema, "nipe maji."